Breki Zilipoanza Kulia

Miaka ile miwa ilipokuwa ikilipa vizuri, nilirudi Kakamega na gari langu mwenyewe na diploma ya ufundi wa magari, ya kwanza katika ukoo wetu. Baba, dereva wa trekta la miwa, alisikia breki zikilia.

"Pedi zimeisha, mwanangu. Badilisha kabla chuma hakijakwaruza chuma."

"Ni vumbi tu, Baba. Mimi nimesomea."

"Haya, msomi."

Wiki iliyofuata breki zilianza kukwaruza. Tukishuka mteremko kutoka Matete hazikushika, tukagonga trela la miwa lililosimama, na mguu wa Baba ukavunjika.

Nilibadilisha pedi mwenyewe, kazi safi kuliko ya fundi yeyote mjini. Baba hakupanda tena. Kila Jumapili alienda kanisani kwa magongo, nami nikimfuata polepole na gari tupu.