Moyo Umesamehe, Mwili Hauna Habari

Florence Alum anauza mitumba katika soko la Owino, na wanaomjua pale husema hana kinyongo na mtu. Lakini presha ilimshika angali kijana, vidonda vya tumbo vikafuata, na usingizi ukawa mgeni asiyekaa.

Alikulia kwenye kambi ya polisi. Baba yake, Ogwal, alikuwa askari mwenye mkono mwepesi. Watoto walimsoma kwa kikohozi chake mlangoni. Kikiwa kikavu, walijipenyeza uvunguni mwa kitanda. Kupigwa hakukuhitaji kosa. Mama yao alikuwa amekwisha kukimbilia kwao Lira.

Sasa Ogwal ni mzee, macho yamepofuka, na Alum ndiye anayemtunza, nyumbani kwake Nateete. Amekuwa mpole ajabu. Huwaimbia wajukuu, na bintiye akirudi humwambia, "Pole na kazi, mama." Hata hivyo mzee akikohoa tu, Alum hufa ganzi mikono na moyo humwenda mbio.

Daktari alimweleza taratibu. "Mtoto akiishi kwa hofu miaka nenda miaka rudi, mwili unazoea kukaa macho. Hatari ikiondoka, mwili hauna habari. Moyo na mishipa ndivyo vinavyochakaa. Nyumbani kuna kinachokutisha?"

Alum alimfikiria baba yake. Angempeleka wapi? Kaka yake, Oola, alikwisha kukataa katakata kumchukua mzee. "Afie huko huko," alimwambia kwenye simu.

Jumapili moja, akimkata baba kucha, maneno yalimtoka yenyewe. "Baba, ulikuwa unatupiga sana."

"Nilikuwa nakunywa," mzee akasema. "Mengi siyakumbuki. Lakini ukisema nilifanya, basi nilifanya. Nisamehe, mwanangu."

Akalia, na Alum akalia naye. Alimsamehe, tena si kwa mdomo tu, kifua kilimwepesika. Sasa nitapona, akajiambia.

Aliporudi kliniki, nesi alipima, akapima tena. Presha ilikuwa imepanda kuliko mwanzo.

"Lakini tumepatana, daktari," Alum alisema, kama mtu anayekata rufaa.

Daktari aliandika dawa ya pili.

Nje, Ogwal alikuwa akimngoja kwenye benchi, maana nyumbani hakukuwa na wa kumwachia.

"Wamesemaje, mama?"

"Naendelea vizuri, Baba."

Alum akamshika mkono, wakaanza kwenda, taratibu, moyo ukimdunda.