Saba Juu ya Ishirini

Vumbi la darasani lina harufu yake linapomwagiwa maji kabla ya kufagiwa. Hukaribiana na harufu ya mvua ya kwanza, ila hii ina chaki ndani yake, na jasho la watoto waliokaa watatu kwenye dawati la wawili. Hapa Mikumi ninapoishi sasa, njia yangu ya sokoni hupita nyuma ya shule, na asubuhi watoto wa zamu wanapofanya usafi harufu hiyo huruka ukuta na kunikuta njiani. Hunirudisha kijijini kwetu, upande wa Zombo, katika mwaka ambao sikuwa tena mwanafunzi, lakini niliijua shule kuliko nilivyoijua nilipokuwa nikisoma.

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa darasa la sita. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Amosi, na Tabitha ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja Tabitha aliamka na homa, nikabaki nyumbani. Kesho yake palizi lilikuwa linatungoja, nikabaki. Na siku za kubaki zikashikana mikono mpaka jina langu likafutwa kwenye daftari la mahudhurio. Yatima hadeki. Nililia siku moja, nikiwa peke yangu mtoni, kisha nikajiwekea neno moja moyoni: mimi nimeacha, Amosi hataacha.

Amosi alikuwa ameingia darasa la tatu. Mwezi wa sita, shule ilipofungwa, matokeo yalisomwa mstarini kama ilivyokuwa desturi. Mwalimu alianza na wa kwanza, watu wakapiga makofi, akashuka jina kwa jina mpaka makofi yakageuka vicheko. Walioitwa mwisho walisemwa kuwa wameshika mkia, na njia nzima ya kurudi nyumbani wenzao waliwafuata wakilia kama ng'ombe. Amosi alikuwa wa sabini kati ya wanafunzi sabini na wawili. Alinikabidhi fomu yake ya maendeleo bila kuniangalia. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliandika jina langu pale.

Baba mdogo, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kiukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake sita na shamba lililochoka. Aliisoma ile fomu akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia. Alisema mwisho wa mwaka akiambiwa Amosi anarudia darasa, atampeleka Tindiga kwa Masanja akachunge. Masanja alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, mwenye zizi kubwa bondeni, na alikuwa akitafuta mchungaji. "Mtoto wa watu asipoteze miaka kukalia dawati," baba mdogo alisema. "Ng'ombe hawana darasa la tatu."

Wakati wa likizo ile akampeleka kwa majaribio ya wiki moja. Niliwafuata siku ya kumrudisha, na nilichokiona sijakisahau. Jioni ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini, Masanja alimwita Amosi karibu na lango. Hakumwuliza ng'ombe ni wangapi. Alimwuliza nani hayupo. Amosi aliangalia kidogo tu, akajibu kwamba hayupo yule mwekundu mwenye pembe iliyolala, na ndama wake mwenye doa kisogoni. Masanja akacheka mpaka akashika mti wa lango, maana alikuwa amewaficha kwa jirani makusudi. Akasema watoto wake mwenyewe walichukua miezi kufika hapo. "Huyu ana jicho," alimwambia baba mdogo. "Mlete hata kesho." Baba mdogo alifurahi. Mimi nilirudi nyumbani na mambo mawili yakipigana kichwani: mdogo wangu alikuwa amefaulu mtihani ambao ungemtoa shule, na mtoto anayekumbuka doa la ndama hawezi kuwa mjinga kwa kiasi kilichoandikwa kwenye fomu.

Ndipo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu Januari. Nilimwomba Amosi madaftari yake yote, nikakaa nayo uani. Yalikuwa mazuri kupindukia. Kila ukurasa ulipigiwa mstari wa pambizo kwa rula, tarehe imeandikwa kwa maneno, kichwa cha habari kimepigiwa mistari miwili. Kila swali alilofikia lilinakiliwa kutoka ubaoni bila kukosa nukta. Jibu la swali la kwanza lilikuwa na tiki. La pili tiki. La tano, la sita, la saba, tiki. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe, na pembeni wino mwekundu ulisema saba juu ya ishirini. Nikafungua jaribio jingine: sita juu ya ishirini, na yote sita yalikuwa sahihi. Nilitafuta kosa lake daftari zima la hesabu, nikapata mawili. Amosi hakuwa akikosa. Alikuwa akiishiwa na muda.

Mwandiko ule niliujua. Ulikuwa wa baba. Baba alifundishwa na walimu wa misheni waliokuwa wakimpiga mtoto fimbo kwa herufi iliyoegemea vibaya, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftari la ubatizo kanisani kwetu. Alimfundisha Amosi kuandika kabla hajaanza shule, akimshika mkono, akimwambia kwamba jibu lisilo na swali lake ni kama mtu asiye na kichwa, na kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno yale kwa Amosi yalikuwa urithi. Hatukuachiwa mengine mengi.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa Mwalimu Mkude, aliyefundisha darasa lao. Nilimkuta ofisini nyuma ya rundo la madaftari lililomfika kidevuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na nadhani alifikiri nimekuja kuomba kurudi shule. Nilipofungua daftari na kumwonyesha, aligeuza kurasa chache. Alisema ana watoto sabini na wawili, na anasahihisha kilichoandikwa. Kisichoandikwa hana namna ya kukisahihisha. Hakuwa na karatasi za kuchapa maswali, ndiyo maana aliyaandika ubaoni.

"Sasa unataka nimpe alama za bure?" aliniuliza.

"Hapana, mwalimu. Nataka apate zake."

Alinitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu mwanzo wa mwaka aliwaambia watoto wasinakili maswali. Waandike namba na jibu, basi. Wote walitii isipokuwa mmoja. "Yule mdogo wako ana kichwa kigumu," alisema, "au ana sababu. Mimi sikumuuliza." Aliposema hivyo alishusha macho kwenye rundo lake, na mimi sikumlaumu. Nililala na Amosi nyumba moja na mimi pia sikumuuliza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kuongea na mwalimu. Nilimwambia Amosi nikiwa napepeta mchele, nisilazimike kumtazama usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba alisema haraka haraka haina baraka."

Nikamwambia wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Hiyo baba hakuisema," akajibu.

"Hakuisema kwa sababu alikuwa hai. Angekuwepo asingekubali uchunge ng'ombe wa mtu. Hayupo, kwa hiyo nasema mimi."

Alilia kwa hasira, akaniambia mimi si baba. Nilimwambia ni kweli. Kesho yake niliandika hesabu kumi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, nikaanza kutwanga mahindi. Makubaliano yalikuwa kwamba mahindi yakitoka kinuni, kalamu iwekwe chini. Siku ya kwanza aliandika tarehe kwa maneno, akapiga pambizo, nikamaliza kutwanga akiwa swali la tatu. Wiki ya pili aliacha pambizo. Wiki ya nne aliandika namba na jibu, herufi zimelala ovyo, akanisukumia daftari kama anayesukuma sahani ya chakula kibaya. Yalikuwa kumi yote, na kinu kilikuwa bado kina mahindi. Nilimpigia tiki kwa mkaa. Hakutabasamu.

Mwezi wa kumi na moja wakafanya mtihani. Siku ya kusomewa nilisimama nje ya mstari na Tabitha mgongoni, nikihesabu majina. Amosi aliitwa wa ishirini na tisa. Baba mdogo alisema mtu wa ishirini na tisa si wa kwanza. Nikamjibu kwa adabu, "Baba mdogo, ulisema akirudia. Hajarudia." Aliangalia fomu mpya, akaikunja vizuri, akanipa niisaini. Habari za Tindiga hazikutajwa tena kwetu.

Amosi alimaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida, akasomea ujenzi, na sasa anajenga nyumba za watu Kilosa. Sijawahi kuuona tena ule mwandiko. Nilimpatia darasa la nne na nikamnyang'anya kitu cha baba, na kwa miaka hii yote sijaweza kusema kwamba nilikosea, wala kusema kwamba haikuwa na uchungu. Siku hizi matokeo ya binti yangu huja kwenye simu, kwenye kundi la wazazi, nikiwa nimeshika mwiko. Hakuna mstari, hakuna anayelia kama ng'ombe. Mitihani inachapwa, na alama zimegeuzwa herufi. Ni nafuu kubwa, sikatai. Lakini herufi nayo ni wino mwekundu tu, na mzazi anaisoma haraka kuliko tulivyosoma zile fomu.

Muhula uliopita tuliitwa shuleni, mzazi mmoja mmoja. Mwalimu wa hisabati, kijana mpole aliyeniamkia vizuri, aligeuza kompyuta yake nione binti yangu amepata D na ameshika nafasi ya ngapi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nafasi nitaisoma baadaye, kwanza aniambie mtoto aliishia swali la ngapi. Alisema hilo kwenye kompyuta halipo. Kisha akasimama, akaenda kabatini kutafuta karatasi yenyewe, na wazazi waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna. Nilikaa, nikamsubiri.