Dereva Aliyekikataa Kipimo Changu

Mimi ni fundi wa nguo, na kwa miaka kumi na minne nilishonea ndani ya kibanda cha mabati kando ya barabara, hapa mjini Kakamega. Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, tukaambiwa tuhame. Wenzangu walibomoa vibanda vyao wakabeba mbao na mabati. Changu kilikuwa kimechomelewa vyuma kikawa kitu kimoja, ukikibomoa umekiua. Uwezo wa kujenga kingine sikuwa nao. Kikivunjika njiani, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nikatafuta lori la kukibeba kizima hadi soko la Mayoni, ambako nilikuwa nimepata nafasi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye madereva wenzake walimsifia jambo moja tu: hajawahi kugonga kitu kwa juu. Niliiona sifa ndogo sana. Kwani nani hugonga hewa?

Mzee alikuja siku moja kabla, akakizunguka kibanda, akaniuliza kina urefu gani. Nikapanda kwenye stuli na tepu yangu ya kushonea, nikakipima akiona. Tepu nzima na nusu yake, yaani futi saba na nusu. Nilimtajia kwa madaha, maana suruali nikiipima mimi hairudi kurekebishwa. Akaandika kwenye kiganja, akachukua bodaboda kwenda kuiangalia njia ya mkato, ile yenye daraja lililowekewa chuma juu kuzuia magari marefu. Aliporudi alisema tutapita, na vidole vinne vya nafasi vitabaki.

Kesho yake tulianza kupakia asubuhi na mapema. Ndivyo alivyotaka, kwa sababu waya za stima, alisema, hulegea jua likipanda. Wapakiaji wanane wakaking'oa kibanda. Mimi nilikuwa nahangaika kuzifunga cherehani zangu mbili kwa mablanketi, sikutazama. Nilipoinua kichwa, kibanda kilikuwa juu ya lori, ubavu wa lori umeificha sehemu yake ya chini, kamba zimekazwa, na mzee amesimama kando yake akikata mwanzi mrefu kwa panga, upate kimo cha mzigo kutoka chini hadi paa. Alipomaliza akautazama mwanzi ule kwa muda, kisha akatoa simu. Nilimsikia akimuuliza mtu kama lile tawi la karibu na kanisa bado liko, na mwingine kama matrekta ya miwa bado yanapita kwa shamba la nani sijui.

"Tutazunguka," akaniambia. "Ile ya mkato imekataa."

"Jana si ulisema tunapita?"

"Mimi hupimanga mzigo ikiwa juu ya gari, mama. Leo haitapita."

Nikawaka. "Mzee, kibanda kimelala usiku mmoja kikarefuka? Unaniita mwongo mbele ya watu?" Wapakiaji wakaanza kuchekea pembeni. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, nilikuwa na sare tele za kumaliza, na huko kuzunguka kulikuwa kunanilia nusu siku. Mzee alinifungulia mlango wa mbele kama mtu anayemkaribisha mama mkwe, akasema, "Panda, mama." Wapakiaji wakatufuata kwa bodaboda.

Nilinuna kwa bidii. Lakini macho yangu hayakuniunga mkono, yalikuwa yakimfuata kila aliposhuka. Kwenye lile tawi alisimamisha mwanzi wake, akaona halitatuachia nafasi, akaenda kubisha hodi kwa mwenye boma kabla ya kukata hata jani. Kwenye kalvati la kuvukia mfereji alitembea juu yake akikanyaga kwa kisigino, kisha akachutama kuangalia chini, asije akapitia juu kwa usalama akazama kwa chini. Tulipofika mahali waya za stima zilipokatiza barabara, aliuacha mwanzi ndani ya gari.

"Hapa hupimi?" nikamuuliza kwa kejeli.

"Waya haipimwangi na mti. Hiyo inaangaliwa ukiwa mbali."

Akasimama mbali kweli, akakunja jicho moja, akatikisa kichwa. Kisha akarudi nyuma na lori lote lile, katikati ya miwa pande zote mbili, mpaka kwenye njia ya matrekta tuliyokuwa tumeipita. Alirudi kinyumenyume umbali ambao mimi ningechoka kuutembea, na sikusikia jani hata moja likikwaruza bati. Hapo nilitamani kumsifu, ila kiburi kilinizuia.

Tulifika Mayoni jua limeshapita utosini. Wapakiaji wakakishusha kibanda taratibu hadi chini, na hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Miguu minne ya chuma, yenye udongo mwekundu uliogandamana karibu futi nzima kutoka chini. Miaka yote ile kilikuwa kimesimama kikiwa kimezama ardhini, nami nilikuwa nimekipima kuanzia juu ya udongo. Kwa kipimo changu, vidole vinne tu ndivyo vingebaki chini ya kile chuma cha darajani. Ningekuwa nimekipeleka kibanda changu mwenyewe kikakatwe paa, na ningekuwa nimeketi mbele nikimhimiza dereva aongeze mwendo.

Nikamsogelea. "Mzee, uliiona hii miguu asubuhi?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na hasira," akasema kwa sauti ya chini. "Na watu walikuwa wengi."

Kisha akawageukia wapakiaji kwa sauti ya kawaida. "Chimbeni mashimo manne. Iingie mpaka hapo udongo imefika." Wakachimba, wakakisimamisha, wakashindilia. Akaniangalia. "Sasa pima, mama."

Nikapanda kwenye stuli. Tepu nzima na nusu yake.

"Si ni hiyo mama alisema?" akawauliza wapakiaji, wala hakuwa anatania.

Machozi yalinitoka. Sijawahi kumwomba mtu msamaha hadharani, hata marehemu mume wangu hakuupata, lakini siku hiyo niliomba kwa sauti, mbele ya wapakiaji na wanawake wa soko waliokuwa wamekuja kuona jirani yao mpya. Nikasema nilimvunjia heshima mtu aliyekuwa akiniokoa.

"Kibanda imefika, mama," akasema. "Fungua kazi."

Akaenda kukunja kamba zake. Mimi nikaingia ndani, nikaweka cherehani mahali pake, nikachukua sare ya kwanza. Kabla ya kutunga uzi kwenye sindano nikaipima upya, kuanzia upindo wa chini kabisa.