Taa za Mombasa kwenye Benzi ya Ami Nassor

Safari yangu ya kwanza ya Maskati ilitokana na uso wa gari. Mwishoni mwa miaka ya tisini Ami Nassor, mdogo wa marehemu baba, alitupigia simu Mombasa kutualika kwenye harusi ya bintiye Zuwena. Hata jina la bwana harusi hakuwa amelitaja, akaniambia, "Rukia mwanangu, n'tafutie taa za mbele za Benzi, zile za Ulaya. Hii yangu ya Marekani ina uso wa mtu alieshtuka."

Nilidhani Benzi ni Benzi. Kumbe hiyo ya milango miwili ya miaka ya sabini ina sura mbili. Ya Ulaya ina taa pana yenye kioo kimoja kila upande, na bampa jembamba lililokaa mwilini. Ya Marekani, kwa sheria za kwao, ilipewa taa nne za duara, bampa nene lililochomoza kama kibaraza, na mwendo wake unasomwa kwa maili. Ami aliinunua kwa simu kutoka kwa rafiki aliyehamia huko, na iliposhuka bandarini ndipo alipojua alichonunua. Bampa jembamba alishalipata Dubai. Zilibaki taa tu, naye alikuwa ameapa kwamba hampeleki bintiye harusini na uso ule, mbele ya wakwe wenye Benzi ya Ulaya halisi.

Mombasa nilizipata kwa muuza vipuri, nikazifunga kwa leso ya kujitanda na kuzilaza katikati ya nguo za harusi. Dubai, nilipobadili ndege, askari alinifungulisha begi, akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na gari liko wapi?"

"Linanisubiri mbele," nikamjibu, akaniachia.

Maskati nilifika asubuhi. Nilipotoka nje joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya pilau. Ami alikuwa pale, kanzu nyeupe pe, akaniuliza hali ya mama, ya majirani, hata ya paka, macho yakiwa kwenye begi. Nyumbani kwake Ghubra kuna desturi kwamba zawadi ya mgeni haifunguliwi mpaka mgeni apumzike. Tukanywa kahawa, tukala halwa, tukanywa tena kahawa. Maskini, alivumilia. Nilipofungua leso, aliichukua taa moja kwa mikono miwili.

Alasiri alizifunga mwenyewe. Baada ya Magharibi akanichukua kwenda Matrah kunywa chai ufukweni, na njia nzima magari yaliyotujia yalikuwa yakituwashia taa na kupiga honi.

"Umeona? Wanaisalimia," Ami alisema, akawa anawainulia mkono mmoja mmoja.

Karibu na soko dereva mmoja alisimama ubavuni mwetu, akateremsha kioo na kusema maneno mengi ya Kiarabu.

"Kasemaje, Ami?"

"Kasema mashaallah."

Lakini tuliporudi aliendesha polepole, wala hakumwinulia mtu mkono.

Asubuhi ya pili Zuwena aliingia chumbani nilimolala, macho mekundu. "Baba kasema n'ende na gari la wakwe." Nikambana mpaka akasema. "Taa ulizoleta, da Rukia, zinamulika kushoto. Huku tunaendesha kulia, zinawapiga machoni wanaokuja. N'kamwambia arudishe zake za duara. Kasema zawadi ya mgeni haing'olewi maadamu mgeni yumo ndani. Na wewe kanikataza kukwambia."

Akakaa kitandani. "Tangu mama afe, baba ndo alonipeleka kila mahala. Skuli, hospitali. Leo an'peleke mtu mwengine?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ami alijifunzia udereva Unguja, mimi nimekulia Mombasa, na kote huko gari hukaa kushoto. Kwetu sisi Ulaya ni Uingereza, na hakuna aliyekumbuka kuuliza zaidi.

Kuomba radhi kusingefaa kitu. Namjua Ami, angeapa kwamba hajapata kuona taa nzuri kama zile. Basi mchana, tumezunguka sinia la wali, nikasema, "Ami, nazitaka taa zangu."

Zuwena aliacha kutafuna.

"Umenipa, kisha wazitaka?"

"Kuna mtu Mombasa anazitaka zaidi."

Alinitazama mimi, akamtazama Zuwena. Kisha pembe ya mdomo ikamcheza.

"Kaka yangu hakukulea vizuri, Mungu amrehemu," alisema, akanisogezea kipande kikubwa cha nyama. Alasiri nilimkuta amechutama mbele ya Benzi, bisibisi mkononi, anapiga mluzi.

Jioni ya Alhamisi, siku ya harusi, gari lilitoka uani, kiapo kimesahaulika, likiwa na bampa la Ulaya na taa nne za Marekani. Ami wa bwana harusi alilizunguka, akauliza hii hasa ni Benzi ya wapi.

"Hii ni ya baba wa bi harusi," alisema Ami Nassor, akamfungulia bintiye mlango. Nilifurahi mpaka nikalia.

Nyumbani Mombasa, mama aliziona taa kabla hajauliza habari za harusi. Ni aibu gani kupeleka zawadi na kurudi nayo? Nilimwacha aseme yote. Nilichojifunza Maskati ni kwamba adabu ya mwenyeji inaweza kumfunga mikono, na mgeni anayempenda hukubali kuitwa mshenzi ili amfungue. Mama hilo halikumwingia, akaendelea kunisema wiki nzima, mpaka Zuwena alipopiga simu.

"Da Rukia, njia nzima ya harusini baba kanishika mkono tu, anaendesha kwa mmoja."

Nikampa mama simu.