Kibanda cha Rukaya

Mafuriko yalipoizoa nyumba yake huko bondeni, Rukaya, mjane asiye na mtoto, alimbeba mgongoni mama yake kipofu, Bi Kijakazi, wakapanda hadi Bungu kwa Hemedy, mdogo wa marehemu mumewe. Hemedy akawaonyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake.

"Jenga hapo, shemeji. Hapa ni kwenu."

Rukaya alikata fito mwenyewe, akakanyaga udongo mpaka nyayo zikachubuka, akakandika. Makuti alipewa na majirani. Bi Kijakazi alishinda akipapasa kuta, akajua mlango ulipo na mafiga yalipo, akaacha kuomba kushikwa mkono.

Kisha Bungu ikaanza kujaa. Walimu, madereva, wanunuzi wa korosho, wote walitaka vyumba vya bati na sakafu ya saruji. Kodi ikapanda hata wenyeji wakarudi kuishi mashambani. Hemedy alijenga vyumba mbele, vikapata wapangaji kabla rangi haijakauka. Hapo ndipo alipogeuka kutazama nyuma ya nyumba.

"Shemeji, nilikupa pa kujisitiri. Sikukupa kiwanja."

"Nimpeleke wapi mtu huyu?"

"Watu wote wanapanga. Na wewe kapange."

Rukaya alizunguka mji mzima. Wenye nyumba walikuwa wapole mpaka aliposema ana mama kipofu. Alipomshtaki Hemedy, mwenyekiti wa kitongoji alimwambia mambo ya ndugu huyamaliza ndugu wenyewe.

Asubuhi moja, yeye akiwa shambani, Hemedy alileta vijana. Walimnyanyua Bi Kijakazi na kitanda chake taratibu, wakamtua juani karibu na shimo la taka, wakarudi kubomoa. Kwa vile alibebwa mabegani na hakuna aliyemsemesha, mwanamke yule alidhani amekufa. Akawa anatoa shahada. Vijana wakacheka.

Rukaya alimkuta pale, vumbi la kuta zake limemjaa kwenye kope.

"Mwanangu, mbona kaburini kuna jua?"

Alimfunika kanga, akaenda kuokota sufuria kwenye kifusi.

Walichopata ni stoo ya mkaa kando ya barabara, isiyo na dirisha. Bi Kijakazi alizipapasa kuta zile asizizoee. Alijigonga, akaanguka, akavunjika nyonga. Akafa kabla ya mvua za vuli.

Hemedy aliwahi msibani. Alinunua sanda, akabeba jeneza, akaomba dua huku sauti ikimtetemeka kweli, na watu wakamsifu kwa kumstahi mkwe wa kaka yake. Chakula kilipotengwa, Rukaya akaambiwa ampelekee shemeji yake maji ya kunawa.

"Nimekusamehe," Hemedy alimwambia, akikunja mikono ya kanzu. "Yale maneno uliyonisema kwa watu, nimeyasamehe yote."

Rukaya akainamisha birika. Hemedy akanawa, akala, akaomba kuongezewa mchuzi.