Clarisse na rangi ya kijani ndani ya ufa

Simu iko mkononi tangu asubuhi, na bado nangoja uniandikie "Mzee, umekula?" Akili yangu inakataa, Clarisse.

Binti yako ndiye aliyenipigia. Kiswahili chake unakijua, anakitafuta neno kwa neno. "Babu, Mama amelala hospitali, haamki tena." Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri.

Kwa wasiomfahamu: Clarisse alitoka Lubumbashi, akasomea vyuma hukohuko, na hapa Johannesburg alifanya kazi kwenye labu inayochunguza kwa nini chuma kimevunjika. Mimi ni mzee wa Bujumbura, mkalimani wa mahakamani. Kesi moja ndiyo iliyotukutanisha.

Katika karakana moja ya mjini, kulabu ya winchi ilikatika. Injini iliyokuwa ikining'inia ikamwangukia fundi aitwaye Kashindi, akafa palepale.

Aliyekuwa anaendesha winchi alikuwa rafiki yake, Désiré, mtu wa Uvira. Akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Walisema alizidisha mzigo kwa uzembe.

Kibaya zaidi, polisi walipofika walikuta Désiré na wenzake wameshaosha. Sakafu, mnyororo, hata kipande cha kulabu, vyote kwa maji ya moto na sabuni. Kwetu huachi damu ya mwenzako ikauke chini, watu wakipita juu yake.

Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa nini alifuta ushahidi. Désiré akajibu, nami nikatafsiri: "Alikuwa Kashindi."

Hakuongeza neno. Mkalimani naye haruhusiwi kuongeza. Nilitamani sana kuongeza.

Ndipo ukaingia wewe, na kile kipande cha kulabu ndani ya mfuko wa plastiki. Ulikataa kukiweka mezani mpaka ulipopewa karatasi safi.

Ukaeleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kulabu ni ya njano kwa nje. Lakini ndani ya ufa mna rangi ya kijani, na rangi haiwezi kuingia katika ufa ambao bado haupo.

Mwenye karakana mwenyewe alikuwa amekwisha kusema kwamba ile kijani ilifunikwa na njano kabla ya Kombe la Dunia lililochezwa hapa Afrika Kusini. Désiré aliajiriwa baada ya Kombe la Dunia.

Na mzigo wa siku ile? Ulikuwa ndani ya uzito ulioandikwa kwenye kulabu yenyewe.

"Na ile sabuni?" hakimu akauliza.

"Imeondoa damu na grisi, Mheshimiwa. Rangi iliyo ndani ya ufa haikuifikia."

Nilimtafsiria Désiré. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kizimba, nikaona vidole vinalegea kimoja kimoja.

Wakili wake akataka zaidi. "Kwa hiyo mwenye karakana aliuona ufa, akaupaka rangi?" Ukumbi mzima ukainama mbele kukusikiliza.

Ukajibu: "Chuma kinaniambia kwamba ufa ulikuwepo wakati wa kupaka. Hakiniambii nani alishika brashi, wala kama aliuona."

Eish. Siku ile nilikukasirikia kuliko nilivyomkasirikia mwendesha mashtaka.

Lakini hakimu, akisoma hukumu, alisema shahidi asiyevuka alichokiona anaaminika kwa kile alichokiona. Désiré akatoka huru. Faili la mwenye karakana likapelekwa kwa waendesha mashtaka, na mpaka leo sijui limelala kabati gani. Wewe hukuchoka kuliulizia.

Nje, mtaani Marshalltown, kwa yule mama wa mahindi ya kuchoma, ulinijia. "Mzee, sasa naruhusiwa kukusalimia?"

"Sasa ruksa, kesi imekwisha."

"Basi ninunulie hindi. Umeninunia mule ndani sawa vile nilikuibia kuku."

Nikakuambia kila mtu alijua kwamba yule bwana aliuona ufa.

"Mi sikuitwa juu ya kila mtu, Mzee. Niliitwa juu ya chuma."

"Na kuosha je? Wewe ni wa kwetu. Ungewaeleza."

Ulitafuna kwanza. "Waliosha juu ya kumheshimu Kashindi. Haikuwa juu ya korti." Nikakununulia hindi la pili.

Toka hapo Jumapili zangu zikawa zako. Kwangu, mtaa wa Bertrams, bukari, ule ugali wenu, na sombe ya majani ya muhogo, kelele za uwanja wa mpira zikiingia dirishani siku za mechi, nawe ukipandisha sauti kuzishinda.

Hukupita geti bila kutazama bawaba zake. Bembea za watoto ulizitikisa kwanza ndipo binti yako apande. Lifti ya jengo langu uliikataa kabisa. "Iko na kikohozi hii." Ukapanda ngazi na sufuria yako mpaka juu, ukihema, ukinicheka mimi niliyepanda lifti nikafika mzima.

Na Lubumbashi yako. Vumbi jekundu kwenye soksi nyeupe za shule. Bomba refu la moshi la kiwanda ambalo ulilitumia kujua uko upande gani wa mji. Hapa, ulisema, unazunguka kama kuku kwa sababu hakuna bomba.

"Mvua ikianza narudi kwetu, Mzee." Mvua ilianza, ukasema ijayo. Sikukucheka. Mimi pia ninalo sanduku ambalo sijawahi kulifungua lote tangu Bujumbura.

Jumapili hii nitapika mwenyewe. Bukari itakuwa na madonge, na hakuna atakayenisema.

Kesho asubuhi akina mama wa kwetu watakuosha. Désiré ameomba abebe ndoo za maji ya moto mpaka mlangoni, nao wamemkubalia. Safari hii hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Lala vizuri, mdogo wangu. Mvua ikianza nitakuambia.