Kufuli wa Mama Vifungo

Mbwa wa kawaida huzuia watu kuingia. Mbwa aliyeletwa nyumbani kwa Mama Vifungo alizuia watu kutoka.

Ukija, hata hakutazami. Alilala kando ya mlango wa mbele kama zulia lililosahauliwa. Ungemruka, ungeingia, ungeketi. Lakini ukishaaga na kuelekea mlangoni, zulia liliinuka, likasimama likikingama kizingiti, likaonyesha meno yote bila kubweka hata kidogo. Hapo ndipo wengi walipogundua kwamba hawakuwa na haraka kama walivyodhani.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Jina alipewa na wateja, kwa kuwa kifungo alichokishona yeye kilidumu kuliko shati lenyewe. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu, na akishakaa kwenye cherehani asubuhi, hakuinuka ila kwa moto au kwa mvua iliyokuta nguo kwenye kamba. Wateja walijihudumia: sare hizo hapo mezani, kioo kile kule, kwaheri.

Wala hakuwa mpenzi wa mbwa. Alikwenda kwenye kituo cha kuokoa wanyama kupeleka maovaroli aliyowashonea wahudumu, na daktari wa pale, msichana mwembamba mwenye mabuti ya mvua yaliyomzidi miguu, akamteka kwa maneno.

"Ni wiki sita tu, mama. Unamlea, unamrekebisha tabia, halafu nakuja kumkagua. Akimwacha mgeni aondoke kwa amani, amepona."

"Na asipomwacha?"

Daktari aliyatazama mabuti yake. "Amerudishwa mara tatu. Kanuni ya kituo, mara ya nne ni sindano ya mwisho."

Mbwa mwenyewe alikuwa amelinda ghala la vipuri vya magari. Ghala lilipofungwa, watu walihama na kumwacha kwenye mnyororo kama kipuri kilichokosa gari lake. Katika nyumba ya kwanza alimshikilia msoma mita tangu asubuhi hadi alasiri. Katika ya pili alimzuia kijana aliyekuja kuvunja uchumba. Kijana alitoka jioni akiwa bado mchumba. Nyumba ya tatu haikueleza kitu. Walimfunga kwenye geti la kituo pamoja na barua yenye neno moja: samahani.

Mama Vifungo alisema atakwenda kufikiri. Alipofika nyumbani alikuwa na mbwa.

Wa kwanza kunaswa alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alipita kila Jumanne kwa dakika tano, dakika zenye urefu wa saa mbili, akamwaga habari za mtaa mzima, kisha akaondoka pale pale kazi ilipokolea. Jumanne hiyo aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akafika mlangoni, akarudi.

"Wifi, mbwa wako ananitazama vibaya."

"Hakutazami vibaya. Anakungoja ukae."

"Nimeacha chungu motoni mie."

"Kitakuwa kimeshaungua. Shika sindano hii, mashati yale hayana vifungo."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mashati mia na ishirini yalikuwa yamelala kwenye kochi vifua wazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Vifungo hakuona sababu ya kuzingoja hizo mbili. Wifi alishona vifungo arobaini na viwili. Ndipo mwenye nyumba alipokirusha kipande cha nyama hadi jikoni, mbwa akakifuata, naye akausukuma mlango wa jikoni kwa rula ndefu ya kupimia vitambaa bila kubanduka kwenye kiti. Wifi alitoka mbio, na alipofika getini ndipo ulimi ulipomrudia.

"Huyo si mbwa," alisema. "Huyo ni kufuli."

Jina likabaki.

Wa pili alikuwa seremala. Mtaani aliitwa Fundi Kesho, nawe huhitaji kuambiwa kwa nini. Miezi minane iliyopita alikuwa ameanza kutengeneza meza ya kukatia vitambaa. Aliipa miguu mitatu, mahali pa wa nne akaweka matofali. Mama Vifungo alimtumia ujumbe kwamba gauni la mkewe liko tayari. Fundi Kesho akaja na mkoba wake wa zana begani, akalichukua gauni, akageuka.

"Mama, mfunge huyu."

"Nani, huyo? Si amelala huyo."

"Amesimama, mama. Tena na meno."

"Labda anaulizia mguu wa meza."

"Mguu naja nao kesho."

"Kesho yako naijua, baba, inakaribia kutimiza mwaka. Mti wako uko nyuma ya kabati, pale pale ulipouacha. Randa unayo."

Alasiri hiyo meza ilisimama kwa miguu yake yenyewe. Na kwa kuwa Kufuli alikuwa bado kizingitini, Fundi Kesho alikaza bawaba za kabati, akaupiga randa mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu, akatengeneza kigoda ambacho hakuna aliyekiagiza. Dirisha la nyuma tu ndilo lililobaki bila mbao zake, kwa sababu mbao ziliisha.

Mama Vifungo alikuwa na raha ambayo hakuionyesha mtu. Wiki tatu zilipita hivyo. Karatasi ya maelekezo aliyopewa na daktari ilikuwa chini ya kopo la vifungo, haijakunjuliwa.

Asubuhi moja alitaka kukanyaga pedali ya cherehani, ikakataa. Aliinama. Kufuli alikuwa ameingia chini ya cherehani, kidevu chake juu ya pedali, macho yamefumba, anakoroma. Mwanamke yule, aliyewahi kumfukuza mteja kwa kuegemea meza yake, alikaa mikono mapajani akamngoja mbwa amalize usingizi. Katika kungoja huko alitazama kalenda ukutani, akahesabu. Neno sindano, kitu alichokishika vidoleni kila siku ya maisha yake, lilimchoma.

"Mimi nakufuga kwa faida yangu," alimwambia mbwa polepole. "Wewe ndiye utakayelipa."

Akalisogeza kopo, akaikunjua karatasi.

Maelekezo yalikuwa mepesi kusoma. Mgeni aelekee mlangoni. Mbwa akitulia, mgeni ampe kitu kitamu. Kila siku, mara kumi. Mkono mtupu haulambwi. Wifi alikubali kuwa mgeni wa mazoezi kwa sharti la kutoguswa na kifungo chochote, naye akatembea huku na huko na pakiti ya biskuti. Baada ya siku sita Kufuli alikuwa amejifunza jambo moja kwa ukamilifu: kwamba huyu mama mwenye biskuti hafai kabisa kuachwa aondoke. Sasa alianza kumkingamia tangu kwenye kochi.

"Amefuzu," wifi alisema, amesimama juu ya kigoda cha Fundi Kesho. "Rusha nyama yako nishuke, nimechoka."

"Nyama imekwisha."

"Basi inuka unitoe mwenyewe."

"Magoti, wifi."

Wifi hakucheka. 

"Unajua, kaka yangu alipokuwa hai, nilikuwa siondoki humu peke yangu. Alinisindikiza hadi kwenye kona, tunafika kwenye kona tunaongea tena, mpaka nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Tangu tumzike, wewe hujawahi kunisindikiza hata hapo kizingitini. Miaka mitano naagana na mgongo wako. Naja hapa kila Jumanne kukuangalia, wifi, si kwamba sina kazi."

Mama Vifungo aliutazama mkasi wake. Kisha akauweka mezani, akainuka. Magoti yalilia kama mlango kabla ya Fundi Kesho. Alimshika wifi yake mkono, akamshusha kwenye kigoda, wakaelekea mlangoni pamoja.

Kufuli aliwatazama. Aliangalia uso wa mmoja, akaangalia wa pili, akafunga mdomo, akasogea kando. Kisha akawafuata taratibu hadi kwenye kona, akakaa chini huku wao wakiongea, akarudi nyuma ya kisigino cha mwenye nyumba.

Mama Vifungo alimpigia daktari simu. Daktari alipekua jalada la mbwa, akasoma, halafu akaanza kucheka.

"Mama, ghala lile mteja hakutoka bila kusindikizwa na mtunza ghala hadi getini. Aliyetoka peke yake alihesabiwa mwizi. Mbwa hana tatizo. Anakungoja wewe utimize wajibu wako."

"Basi amepona?"

"Hapana, mama. Ukaguzi ni mgeni atoke peke yake, wewe umekaa. Mtu hawezi kuchukua mbwa anayetaka mwenyeji atembee na kila mgeni."

Zilibaki wiki mbili. Mama Vifungo alifanya alichokijua: alipunguza. Nguo huibani yote kwa mkupuo mmoja. Unaingiza pindo kidogo, mteja anajaribu, unaingiza tena. Siku tatu alimsindikiza wifi hadi kwenye kona. Halafu hadi getini. Halafu hadi kibarazani. Halafu hadi kizingitini. Kufuli alikubali kila upunguzo kwa mashaka, kama mteja anayeambiwa gauni litatanuka lenyewe. Wiki ya mwisho ilitosha Mama Vifungo kuinuka tu, akasimama mbele ya kiti na kusema, "Haya, karibu tena," na njia ikawa wazi.

Chini ya hapo mbwa alikataa. Ukiwa umekaa, umekaa; mgeni ni mwizi.

Siku ya ukaguzi daktari alikuja na mabuti yake na fomu. Alimruka Kufuli, akaketi, akanywa chai, akasifia meza yenye miguu minne. Kisha akasimama.

"Mama, wewe kaa hapo hapo. Usimwite, usimpe kitu, usiinuke."

"Sitainuka."

Daktari alikwenda mlangoni. Kufuli aliinuka, akakingama. Midomo ilianza kupanda juu ya meno, lakini kabla haijafika juu aligeuza kichwa akamtazama Mama Vifungo. Hayakuwa macho ya mbwa mkali. Yalikuwa ya mfanyakazi anayesubiri mkubwa wake atie sahihi.

Jasho lilimtoka Mama Vifungo chini ya kanga. Kalamu ya daktari ilisogea kwenye karatasi. Kopo la vifungo lilikuwa pembeni ya cherehani, na kiwiko cha Mama Vifungo kililigusa kidogo tu. Vifungo vilimwagika sakafuni. Fundi cherehani gani atatulia vifungo vikimwagika? Alinyanyua makalio kutoka kwenye kiti, labda kiasi cha vidole vinne, akainama kuokota.

Kufuli alifunga mdomo, akasogea, akajilaza. Daktari akapita.

Nje, kwenye ngazi ya kibaraza, daktari aligeuka. 

"Mama Vifungo, miaka mingapi unashona?"

"Thelathini na moja."

"Umewahi kumwaga kopo hilo?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mwanangu. Ni uzee."

Daktari aliitazama fomu muda mrefu. Halafu akaandika, akisoma kwa sauti huku akiandika: "Mgeni anatoka salama. Mbwa abaki na mlezi huyu, asipewe mwingine." Akasaini, akamkabidhi fomu. "Mwingine hataweza kumwaga kwa wakati," alimalizia, akaenda zake.

Mama Vifungo alikunja fomu, akaitia kwenye droo ya mikasi. Kufuli akaingia chini ya cherehani na kuweka kidevu kwenye pedali, na siku hiyo hakuna kilichoshonwa hadi adhuhuri.

Jumanne iliyofuata wifi alisindikizwa hadi kwenye kona bila kuomba, magoti na yote.

Alhamisi, Fundi Kesho alichungulia getini. Mkewe alikuwa na gauni jingine la kuchukuliwa.

"Mama, nasikia yule amepona?"

"Amepona kabisa, fundi. Daktari ametia sahihi, nikuonyeshe karatasi?"

Fundi Kesho aliingia akiwa na mkoba begani, akamruka Kufuli aliyelala kama zulia, akalipokea gauni, akashukuru. Mama Vifungo alijiweka sawa kwenye kiti, akakaa kwa uzito wote aliojaliwa.

"Mbao za dirisha zilifika jana," alisema. "Ziko nyuma ya kabati."